Otto Loewi: Mkimbizi aliyegundua lugha ya mishipa ya fahamu

Aliyewahi kusimama mpakani huku karatasi zake zikiwa mikononi mwa afisa uhamiaji anaijua hofu yake. Hofu hiyo ilimpata mzee mmoja aliyeingia Marekani kupitia bandari ya New York mwaka 1940, akiwa anakaribia kutimiza miaka 67.

Miongoni mwa karatasi za mzee huyo kulikuwa na cheti cha daktari. Alipopata kukisoma alishtuka, kwani kilieleza kuwa amechakaa kwa uzee na hana uwezo wa kujitafutia riziki. Kwa maneno kama hayo angeweza kurudishwa alikotoka, na alikotoka kulikuwa na vita.

Kwa bahati nzuri, afisa aliyempokea hakukitilia maanani cheti hicho, akampitisha. Mzee aliyeandikwa kuwa hawezi kazi alikuwa Profesa Otto Loewi, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Tiba ya mwaka 1936. Ni yeye aliyethibitisha kwamba mishipa ya fahamu hutoa amri zake kwa kutumia kemikali.

Bila kazi yake ni vigumu kueleza namna dawa nyingi za magonjwa ya akili zinavyofanya kazi leo.

Loewi alizaliwa Juni 3, 1873, mjini Frankfurt, Ujerumani, katika familia ya Kiyahudi. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa mvinyo. Kijana huyo alipenda kusomea historia ya sanaa, lakini wazazi walitaka asomee udaktari, naye akakubali.

Mwaka 1891 aliingia Chuo Kikuu cha Strasbourg, mji ambao wakati huo ulikuwa chini ya Ujerumani. Hakuwa mwanafunzi wa kupigiwa mfano. Mara nyingi aliacha vipindi vya udaktari na kwenda kusikiliza masomo ya falsafa na ya majengo. Hata hivyo alihitimu mwaka 1896.

Baada ya hapo alifanya kazi katika hospitali ya mji wa Frankfurt. Huko aliona wagonjwa wa kifua kikuu na homa ya mapafu wakifa mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa dawa ya kuwaponya haikuwapo. Hali hiyo ilimvunja moyo. Akaamua kuacha kutibu na kuingia maabara, ili achunguze jinsi dawa zinavyofanya kazi mwilini.

Alianzia Chuo Kikuu cha Marburg, kisha akahamia Vienna, Austria. Katika ziara yake Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20 alifahamiana na mtafiti kijana, Henry Dale, na urafiki wao ukadumu maisha yao yote. Mwaka 1908 alimuoa Guida Goldschmiedt, binti wa profesa wa kemia, wakajaliwa watoto wanne. Mwaka 1909 akateuliwa kuwa profesa wa elimu ya dawa katika Chuo Kikuu cha Graz, kusini mwa Austria.

Wakati huo wataalamu walikuwa na swali moja gumu. Mshipa wa fahamu unapofika kwenye moyo au msuli, amri inavukaje kwenda upande wa pili? Wengi waliamini kuwa inavuka kama umeme. Wachache walihisi kuna kemikali inayotumwa, lakini hakuna aliyejua namna ya kuthibitisha.

Kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, jibu lilimjia usingizini, usiku mmoja wa kipindi cha Pasaka. Aliamka, akaandika maneno machache kwenye kipande cha karatasi, akalala tena. Asubuhi akashindwa kuusoma mwandiko wake mwenyewe. Siku hiyo nzima alihangaika bila mafanikio.

Usiku uliofuata, saa 9, ndoto ikarudi. Safari hii hakuthubutu kulala tena. Alikwenda moja kwa moja maabara na kuanza kazi.

Alichukua mioyo miwili ya vyura. Moyo wa chura ukitolewa na kuwekewa maji ya chumvi yanayoufaa, huendelea kupiga kwa muda. Moyo wa kwanza aliuacha na mshipa wake wa fahamu, wa pili akauondolea. Kisha akausisimua kwa umeme mshipa wa moyo wa kwanza, na moyo huo ukapunguza mwendo kama ilivyotarajiwa.

Akachukua yale maji yaliyokuwa ndani ya moyo wa kwanza na kuyatia katika moyo wa pili. Nao ukapunguza mwendo, ingawa haukuwa na mshipa wala haukuguswa na umeme. Alipousisimua mshipa unaoharakisha moyo, maji yake yaliuharakisha moyo wa pili vilevile.

Maana yake ilikuwa moja: mshipa ulikuwa umemwaga kitu ndani ya maji, na kitu hicho ndicho kilichobeba amri. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1921.

Si wote walioamini. Kuna waliorudia jaribio hilo na kushindwa. Mwaka 1926, katika mkutano wa wataalamu mjini Stockholm, Sweden, Loewi alilazimika kulifanya mbele ya wenzake, akalirudia mara 18, na likafanikiwa.

Mwaka huohuo yeye na msaidizi wake Ernst Navratil walieleza kuwa kitu hicho kinafanana kwa kila hali na kemikali iitwayo asetilikolini. Walionyesha pia kwa nini ni vigumu kuikamata: mwilini kuna kimeng'enya kinachoivunja mara moja.

Hapo ndipo Afrika inapoingia katika habari hii. Ili kukizuia kimeng'enya hicho walitumia dawa iitwayo fisostigmini, inayotoka katika maharage yenye sumu ya Calabar, Nigeria. Zamani huko maharage hayo walilishwa watu waliotuhumiwa uchawi; aliyetapika na kupona alihesabiwa hana hatia, aliyekufa alihesabiwa mchawi. Sumu iliyoua watu kwa tuhuma ikawa chombo cha maabara.

Kazi ya kupima kemikali hiyo iliendelea London kwa Dale. Mwaka 1933 alimpokea Wilhelm Feldberg, mtafiti Myahudi aliyefukuzwa kazi Berlin baada ya Wanazi kushika madaraka. Feldberg alikuja na ujuzi wa kutumia msuli wa ruba, yule mnyonya damu wa majini. Msuli huo ukishatiwa fisostigmini hujikunja hata kwa chembe ndogo sana ya asetilikolini, hivyo ukawa mizani ya kupimia kisichoonekana.

Mwaka 1936 Loewi na Dale waligawana Tuzo ya Nobel. Furaha hiyo haikudumu miaka miwili.

Machi 1938 majeshi ya Hitler yaliingia Austria. Usiku uleule wa mabadiliko, vijana wa Kinazi wenye bunduki walivamia chumba cha Loewi na kumpeleka gerezani. Wanawe wawili nao walikamatwa.

Akiwa gerezani aliamini kuwa atauawa, na kilichomsumbua zaidi ni kwamba matokeo ya utafiti wake wa mwisho yalikuwa hayajachapishwa. Akaomba kadi ya posta, akayaandika kwa kifupi, na kadi ikatumwa kwa jarida la sayansi. Ilipoondoka alihisi mzigo umemtoka, kwani kazi yake isingezikwa pamoja naye.

Aliachiwa baada ya miezi miwili hivi. Hata hivyo, ruhusa ya kuondoka ilikuwa na bei. Alilazimishwa kuiagiza benki ya Stockholm ihamishie fedha zake za Nobel kwenye benki iliyokuwa mikononi mwa Wanazi. Septemba 1938 akatoka Austria akiwa hana kitu. Mkewe alizuiwa nyuma hadi mali yake iliyokuwa Italia ichukuliwe, na wawili hao hawakuonana tena mpaka mwaka 1941.

Loewi alipita Brussels, kisha Oxford, na hatimaye Chuo Kikuu cha New York kikampa nafasi ya uprofesa. Mtu ambaye cheti kilisema hawezi kujitafutia riziki alifanya kazi huko miaka mingi. Mwaka 1946 akapata uraia wa Marekani.

Aliishi kuona mbegu yake ikizaa. Mwaka 1952 mjini Paris dawa ya kloropromazini, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Largactil, ilianza kutuliza wagonjwa wa akili walioonekana kuwa hawana matumaini. Mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, alitoa ushahidi kuwa dopamini ni mjumbe mwingine wa ubongo. Baadaye ikafahamika kuwa Largactil huzuia ujumbe wa dopamini.

Ujuzi huo upo hata katika kliniki za kwetu. Mgonjwa akikakamaa au kutetemeka kwa sababu ya dawa hizo, daktari huweza kumwandikia Artane, ambayo hupunguza nguvu ya asetilikolini, kemikali ileile ya vyura wa Graz. Kinywa kikavu anacholalamikia mgonjwa kina asili hiyohiyo. Ni athari ya kumweleza daktari, wala si sababu ya kuacha dawa kimyakimya.

Mkulima aliyeathiriwa na baadhi ya viuatilifu naye hutokwa na mate na jasho kwa wingi kwa sababu asetilikolini imezidi mwilini, ndiyo maana hospitali humdunga atropini. Loewi aliitumia atropini kwenye mioyo ya vyura wake, akaona inazuia amri ile.

Mkewe alifariki mwaka 1958. Yeye alifariki mjini New York Desemba 25, 1961, akiwa na umri wa miaka 88.

Waliomfukuza walichukua fedha, mali na maabara yake. Lakini alichokuwa amekijua hawakuweza kukichukua, na kadi moja ya posta ilitosha kukivusha mlango wa gereza.