CHEIKH ANTA DIOP: MSOMI ALIYEFIKA PARIS NA KIWOLOFU CHAKE

Wengi wetu tukisikia kwamba fulani amekwenda kusoma Ulaya, hesabu huanza hapo hapo: shahada, gari, nyumba ya ghorofa. Leo nataka kukusimulia habari za mtu aliyekwenda Paris akakaa huko takriban miaka 14. Hakuwa Mkenya wala hakutoka Afrika Mashariki. Nimemchagua kwa sababu ya lugha, na wewe unayesoma gazeti hili la chama cha Kiswahili utaona ni kwa nini.

Cheikh Anta Diop (Cheikh ni shehe, ila kwao ni jina tu kama Juma) alizaliwa tarehe 29 Desemba 1923 katika kijiji cha Thieytou nchini Senegal, enzi ya ukoloni wa Ufaransa. Alianza kwa madrasa, kisha akaingia shule ya Wafaransa mjini Diourbel, na baadaye akasoma Dakar na Saint-Louis. Nyumbani ni Kiwolofu, darasani ni Kifaransa kitupu. Mwaka 1945 alifaulu mtihani wa mwisho wa sekondari katika hisabati na pia falsafa. Senegal haikuwa na chuo kikuu. Basi mwaka 1946 akafunga safari.

Paris aliyoikuta haikuwa ile ya kwenye kalenda. Vita Kuu ya Pili vilikuwa vimekwisha mwaka mmoja tu uliopita, na chakula kilikuwa bado cha mgao. Kijana huyu alitaka kuwa mhandisi wa ndege, kwa hivyo akajiandikisha kusoma hisabati katika shule ya Henri IV. Lakini falsafa nayo ilimvuta, akawa anahudhuria Sorbonne kwa mwalimu mashuhuri Gaston Bachelard. Halafu akaongeza isimu. Halafu kemia. Sisi masomo manane tu yanatutoa jasho! Tena alikuwa mstari wa mbele katika siasa za wanafunzi Waafrika waliodai uhuru, na mwaka 1951 alishiriki kuandaa mkutano wao mkubwa mjini humo.

Hapa Kianjai mambo yamebadilika. Chuo kikuu kiko Nchiru, unapanda matatu na kabla hujatulia kitini umefika. Hata hivyo binamu yangu ameshikilia kwamba lazima aende Ufaransa, na kila jioni anakariri Kifaransa huku akichagua miraa. Nyanya yetu hamkatazi. Anauliza jambo moja tu: akirudi, wataongea lugha gani? Baba hucheka, lakini mimi naona swali hilo ni zito, na ndilo lililonifanya nimtafute Diop.

Kwa maana Diop huko ugenini ndiko alikozidi kukichimba Kiwolofu. Alikilinganisha na lugha ya Misri ya kale, akaja na hoja kwamba Wamisri waliojenga piramidi walikuwa Waafrika weusi, na kwamba ustaarabu wao ni mali ya bara letu. Alipotaka kuitetea hoja hiyo katika tasnifu, hakukupatikana jopo la kumsikiliza. Mwingine angefunga virago. Yeye akaigeuza kazi yake kitabu, Nations nègres et culture, kilichochapishwa mwaka 1954 na Présence Africaine, jumba la Msenegali mwenzake Alioune Diop.

Ndani ya kitabu hicho mna jambo ambalo, kwangu mimi, linashinda hata hizo piramidi. Diop alitafsiri kwa Kiwolofu maelezo ya nadharia ya Einstein ya uhusianifu. Ndiyo, fizikia ile ile inayotupiga chenga! Alitaka kuwaonyesha waliosema lugha za Kiafrika haziwezi sayansi kwamba wamekosea. Pale palipokosekana neno, alilitengeneza.

Tasnifu aliitetea hatimaye mwezi Januari 1960. Akapewa shahada ya udaktari, ila kwa daraja la chini ambalo halikumfungulia mlango wa kufundisha chuo kikuu. Akarudi Dakar mwaka huo huo, Senegal ikipata uhuru. Alikuwa amepitia maabara ya Frédéric Joliot-Curie, mkwe wa Marie Curie tunayemsoma katika kemia, kwa hivyo akaanzisha maabara ya kupima umri wa vitu vya kale kwa kaboni 14. Kiumbe akishakufa, kaboni hiyo hupungua polepole, nusu yake huisha kwa takriban miaka 5,730. Ukipima iliyobaki unajua umri wake.

Rais alikuwa Léopold Senghor, naye msomi wa Paris tangu 1928. Mji ni mmoja, lakini tazama! Senghor alikipenda Kifaransa hata mwaka 1983 akaingizwa katika Akademia ya Ufaransa. Diop alitaka watoto wafundishwe kwa lugha zao. Mwaka 1962 Diop alitiwa kizuizini kwa siasa zake. Kisha, miaka ya 1970 ikielekea kwisha, chama chake kikatoa gazeti lililoitwa Siggi, maana yake kuinua kichwa. Serikali ikasema jina hilo liandikwe kwa g moja. Diop akashikilia mbili, kwa kuwa ndivyo Mwolofu anavyotamka. Gazeti likapigwa marufuku, likaibuka tena kwa jina la Taxaw, yaani kusimama. Ugomvi wa rais na msomi kwa ajili ya herufi moja! Wenzangu mnaonuna mwalimu akisahihisha insha zenu kwa kalamu nyekundu, mnasikia?

Si wataalamu wote waliokubaliana naye kuhusu Misri. Mwaka 1974 alikwenda Cairo pamoja na Théophile Obenga wa Kongo kwenye mkutano wa UNESCO, na wengi wakampinga, ingawa ripoti ya mkutano ilikiri kwamba wapinzani hawakujiandaa kama wao wawili. Sura yake imo katika juzuu ya pili ya Historia Kuu ya Afrika ya UNESCO. Juzuu ya tano ilihaririwa na Profesa Bethwell Ogot wa kwetu Kenya.

Mlango wa kufundisha Chuo Kikuu cha Dakar ulimfungukia mwaka 1981, Senghor akiwa ameshaondoka madarakani. Diop alikuwa na miaka 57. Alifariki tarehe 7 Februari 1986, akazikwa Thieytou alikozaliwa. Mwaka uliofuata chuo kile kikapewa jina lake, na mpaka leo kijana wa Senegal anayeomba nafasi hapo huandika Cheikh Anta Diop kwenye fomu.