Mpimaji naye sharti apimwe

Mkulima wa viazi wa Timau hahitaji kufunzwa na yeyote kwamba kipimo chaweza kusema uongo. Kwa miaka mingi amewaona madalali wakija na magunia yaliyoongezwa kipande juu, yakashindiliwa viazi hadi yakafanya nundu, kisha yakahesabiwa kuwa gunia moja. Lumbesa ni somo la hesabu alilolilipia kwa jasho lake. Wahenga walinena kwamba mwamba ngoma huivutia kwake, na katika soko la viazi mwambaji ni mnunuzi. Hata hivyo, mkulima huyo huyo akiugua na kwenda kutolewa damu, huipokea karatasi ya maabara kama hukumu isiyo na rufani. Haulizi ile mashine iliyotoa namba imepimwa na nani, wala ilipimwa lini.

Nami sikuwa nikiuliza. Nilianza pale jamaa yangu mmoja wa huko Timau, mja mzito wa miezi saba, alipoambiwa katika kituo kimoja cha afya kwamba damu yake ilikuwa ya kutosha. Siku nne baadaye, akiwa hoi kwa kizunguzungu, alipimwa kwingine na kukutwa na upungufu mkubwa, ilhali hakuwa amevuja damu hata tone. Alitibiwa akapona, na mtoto yu hai. Nilipofuatilia, niliambiwa bila kificho kwamba dawa ya kuikagulia mashine ilikuwa imekwisha majuma kadhaa nyuma, nao wakaendelea kupima hivyo hivyo. Aliyeniambia hayo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na foleni ndefu mlangoni. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za mtu ambaye hakuwa daktari, lakini ambaye maabara za damu ulimwenguni zina deni kwake. Mtu huyo ni Walter Andrew Shewhart.

Shewhart alizaliwa tarehe 18 Machi 1891 huko New Canton, katika jimbo la Illinois, Marekani. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Illinois, kisha akatunukiwa shahada ya uzamifu katika fizikia na Chuo Kikuu cha California mnamo 1917. Mwaka uliofuata aliajiriwa na Western Electric, kampuni iliyounda simu na mitambo yake. Humo alikuta tatizo la ajabu. Vifaa vilivyotoka kiwandani havikulingana, na kila wahandisi walipoona tofauti waliikimbilia mitambo wakairekebisha. Kadiri walivyoirekebisha, ndivyo tofauti zilivyozidi.

Tarehe 16 Mei 1924, Shewhart alimwandikia mkuu wake waraka wa ukurasa mmoja tu, na sehemu ya ukurasa huo ilikuwa mchoro. Katika mchoro huo mlikuwa na mstari wa katikati na mipaka juu na chini yake. Maana yake mwalimu yeyote ataielewa mara moja. Mwanafunzi anayepata alama 61, kisha 58, kisha 63, hajabadilika; huko ni kuyumba kwa kawaida, na mwalimu anayemchapa kwa zile 58 anamwonea. Lakini mwanafunzi huyo akipata 30, yamkini pana jambo nyumbani au tumboni, na mwalimu asiyeuliza amezembea. Shewhart alitenganisha mayumbo ya aina hizo mbili, akaonyesha kwa hesabu mahali pa kuuweka mpaka kati yake. Akiupita mpaka, mpimaji asimame atafute sababu. Asipoupita, aiache mashine ifanye kazi yake.

Tangu 1925 alihamia maabara za Bell, akabaki huko hadi alipostaafu mwaka 1956. Ili kuithibitisha nadharia yake, aliokota vipande vyenye namba kutoka katika bakuli maelfu ya mara, akaandika kila namba iliyotoka. Kitabu chake kikuu kilitolewa mwaka 1931. Baada ya vita alialikwa India kufundisha, na mwandani wake, Deming, akayapeleka mafunzo hayo Japani mwaka 1950, ambako viwanda viliyapokea kwa mikono miwili. Shewhart alifariki tarehe 11 Machi 1967.

Mwaka huo huo wa 1950 ndipo mchoro wake ulipoingia hospitalini. Wamarekani wawili, Levey na Jennings, walipendekeza utumike katika maabara za tiba, na hadi leo wanamaabara huuita kwa majina yao. Miaka mitatu baadaye Wallace Coulter alipewa hataza ya mtambo unaohesabu chembe za damu zinapopita mojamoja katika kitundu chembamba penye umeme. Kitundu hicho kikizibwa nusu na uchafu, mashine haipigi kelele. Huendelea kutoa namba nadhifu zenye nukta za desimali, na namba nadhifu humdanganya mtu kwa urahisi kuliko namba chafu.

Ndiyo maana mashine hizo huja na vichupa vya aina mbili, ambavyo wengi huvichanganya. Cha kwanza kina damu iliyotengenezwa na ambayo thamani yake yajulikana. Hicho huifunza mashine kusoma sawasawa. Cha pili ni cha kuikagua, nacho hupitishwa kila asubuhi kabla ya damu ya mgonjwa wa kwanza, aghalabu katika viwango vitatu: cha chini, cha kawaida na cha juu. Cha kwanza ni somo na cha pili ni mtihani. Anayetumia kichupa kimoja kwa kazi zote mbili ni kama mwalimu anayefunza kwa karatasi ile ile ya mtihani, kisha akajisifu kwamba darasa zima limefaulu. Vichupa hivi havina maisha marefu. Huhitaji ubaridi usiogandisha, na vikishafunguliwa huharibika upesi.

Kwa watu wa Timau jambo hili lina uzito wa ziada. Mji huo uko kwenye miteremko ya Mlima Kenya, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na penye hewa haba mwili huongeza himoglobini. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani huagiza namba ya mkazi wa mlimani ipunguzwe kabla ya kuamua kama ana upungufu wa damu. Namba iliyo salama Mombasa yaweza kuwa ya hatari Timau. Ikiwa mashine nayo inazidisha gramu moja kwa desilita, na mtabibu akasahau kupunguza, makosa mawili yataelekea upande mmoja, na mama mja mzito ataambiwa aende nyumbani kwa amani.

Katika lugha yetu kitenzi kupima hakibagui: twapima viazi, twapima damu, twapima akili za watoto. Walimu wanaosahihisha mitihani ya kitaifa wanalijua somo la Shewhart hata kama hawajapata kulisikia jina lake, maana hawakabidhiwi karatasi za watahiniwa kabla ya kusahihisha nakala zile zile pamoja na alama zao kulinganishwa. Hakuna anayeona hilo kuwa tusi. Kwa nini basi damu ya mama ipimwe kwa uangalifu mdogo kuliko insha ya mwanawe?

Serikali za kaunti, ambazo tangu 2013 ndizo zinazosimamia vituo vingi vya afya vya umma, zisinunue mashine zikasahau vichupa. Maabara ambayo imeishiwa na kichupa cha kukagulia isimame, na imwelekeze mgonjwa kwingine, hata foleni ikinung'unika. Nawe mwanafunzi, utakapompeleka mzazi wako kupimwa, uliza kwa adabu kama mashine imekaguliwa asubuhi hiyo. Mkulima wa Timau hukagua mizani ya dalali kabla ya kuuza viazi vyake. Damu yake haistahili chini ya hapo.