Bill Finger, mtu wa pili wa Batman

Katika nyumba zetu nyingi watoto wanamjua Batman, yule mtu wa kofia ya popo na joho jeusi. Wanamjua pia Robin, kijana anayepigana pembeni yake. Lakini ukiwauliza nani aliandika hadithi zao za kwanza, wananyamaza. Hata siye wazazi hatukujua, mpaka tulipofuata maisha ya huyo mtu. Kumbe habari yake iko habari ya kazi na ya kontra, ambayo sisi watu wa sendika tunaijua sana.

Jina lake ni Bill Finger. Alizaliwa tarehe 8 Februari 1914 kule Denver, Marekani, akakomalia Bronx, katika mji wa New York. Wazazi wake walikuwa Wayahudi, nao walimwita Milton. Siku zile mtu mwenye jina la Kiyahudi alipata kazi kwa taabu, ndiyo maana akachukua jina Bill. Alimaliza sekondari mwaka 1933, wakati Marekani nzima ilikuwa inalia njaa ya kazi. Akauza viatu. Lakini moyo wake ulikuwa katika kuandika.

Karibu mwaka 1938 alikutana kwenye sherehe na mchoraji mmoja kijana, Bob Kane. Wakaanza kufanya kazi pamoja: Finger anaandika, Kane anachora. Walikuwa wanakaa kwenye viti vya bustani ya Poe, kule Bronx, wakitafuta hadithi.

Mwaka ule Superman alikuwa ametoka, na watoto wa Marekani walikuwa wanamnunua sana. Kampuni ikataka shujaa mwingine. Kane akachora mtu wa nguo nyekundu, mabawa magumu mgongoni na kibarakoa kidogo machoni. Akamwonyesha Finger. Finger akasema abadilishe: atie kofia yenye masikio ya popo, mabawa yawe joho, avae glovu, nyekundu iondoke na kuwe rangi za giza. Kisha Finger mwenyewe akaandika hadithi ya kwanza, iliyotoka katika Detective Comics namba 27, ya Mei 1939. Jina la Bruce Wayne lilitoka kwake. Gotham, ule mji wa Batman, jina lake pia lilitoka kwake.

Lakini kulibaki shida moja. Batman alikuwa peke yake. Katika kila ukurasa alikuwa anawaza tu ndani ya kichwa, hana mtu wa kumwambia neno. Finger aliona inachosha. Alikuwa amesoma habari za Sherlock Holmes, na alijua Holmes bila rafiki yake Watson hawezi kueleza akili yake kwa msomaji. Juu ya hiyo, mwaka 1940, katika namba 38, akaingia Robin. Jina hilo lilitolewa na Jerry Robinson, kijana aliyemsaidia Kane kuchora. Robin ni mtoto wa watu wa sarakasi waliouawa na majambazi. Batman naye aliona wazazi wake wakiuawa njiani. Yatima mkubwa akamchukua yatima mdogo, akamfundisha kazi.

Mauzo yalipanda karibu mara mbili. Siye hatushangai. Nani kati yetu anashuka chini peke yake? Mtu anashuka na mwenzake, yule anayesikia jiwe likilia mbele yako na kukuvuta nyuma. Mtoto anayesoma anajiona ndiye Robin: mdogo, lakini kuna mkubwa anayemtegemea. Na Batman, tangu siku ile, akaanza kucheka. Baada yao mashujaa wengine wengi wakapewa wenzao vijana.

Sasa tazameni upande wa nyuma wa karatasi. Kane alikuwa amefanya mkataba na kampuni, na mkataba ulitaka jina lake peke yake liandikwe kama mtungaji wa Batman. Finger hakuwa na karatasi yoyote. Mwanzoni Kane ndiye alikuwa anamlipa franga kutoka mfuko wake. Baadaye kampuni ikamlipa kwa hadithi. Aliandika hivyo zaidi ya miaka 20. Alikuwa mtu mpole, na mara nyingi alichelewesha kazi juu ya kutafuta iwe nzuri. Hakupigania jina lake kwa nguvu. Mwaka 1965 Jerry Bails, mpenzi wa hadithi hizo, aliandika kwamba Finger ndiye mkono wa pili. Kane akajibu kwa barua ndefu, akakana.

Miaka ya 1960 ilipokaribia kwisha, waandishi wa zamani wa kampuni ile, kama Gardner Fox na Arnold Drake, waliomba bima ya matibabu. Kampuni ikakataa, na wengi kati yao wakakosa kazi. Hawakuwa na sendika nyuma yao. Finger alikuwa wa kizazi hicho hicho.

Alikufa New York tarehe 18 Januari 1974, akiwa na miaka 59. Rafiki yake Charles Sinclair, waliyeandika pamoja hadithi moja ya Batman ya televisheni, ndiye aliyemkuta. Mwana wake Fred alichukua majivu yake mpaka pwani ya Oregon, akayamwaga mchangani kwa umbo la popo. Maji yakayachukua.

Mwaka 1989 Kane aliandika katika kitabu chake kwamba anajuta, ilifaa jina la Finger liwekwe. Finger alikuwa amekufa miaka 15 mbele. Mjukuu wake Athena pamoja na watu wengine wakafuata dosye, na mwaka 2015 kampuni ikakubali: sasa jina la Finger linaandikwa pamoja na la Kane. Mwaka 2017 kipande cha njia kule Bronx, karibu na bustani ile ile ya Poe, kikapewa jina lake.

Ndugu, Finger alimpa Batman mwenza, na yeye mwenyewe alinyimwa haki ya mwenza. Kwa hiyo tunawaomba mambo mawili. Ukiletewa kontra, usitie mkono siku ile ile. Isome kwanza na mwenzako, au uilete kwa delege wa sendika. Na wewe kapita unayeandika ripoti ya ekipe, andika jina la kila mtu aliyeshika kazi, mchana na usiku. Uandike akiwa bado eko muzima.