John Constable na Wafanyakazi wa Mto Stour

John Constable alizaliwa tarehe 11 Juni 1776 katika kijiji cha East Bergholt, jimbo la Suffolk, Uingereza. Babaye, Golding, alikuwa mfanyabiashara wa nafaka aliyeendesha vinu vya maji vya Flatford na Dedham, na matishari yake yalisafirisha unga katika Mto Stour. Kijana huyu alitarajiwa kurithi kazi hiyo. Badala yake, mnamo mwaka wa 1799, alijiunga na shule ya sanaa ya Royal Academy jijini London.

Enzi hizo wakuu wa sanaa walizitukuza picha za mashujaa na visa vya Biblia; mandhari yalitengewa daraja ya chini. Constable hakukubaliana nao. Mwaka wa 1815 alionyesha picha ya tishari likiundwa karibu na kinu cha babaye, mafundi wakiwa kazini na chungu cha lami kikifuka moshi. Baadaye alitwaa turubai za upana wa futi sita, kipimo cha picha za mashujaa, akazijaza farasi wavuta matishari, malango ya kuzuilia maji na, katika The Hay Wain ya 1821, mkokoteni wa wakulima mtoni. Picha hiyo ilikosa mnunuzi mwaka huo, lakini mwaka wa 1824 ilimpatia nishani ya dhahabu mjini Paris. Kwao, uanachama kamili wa Royal Academy aliupata mwaka wa 1829, akiwa na umri wa miaka 52. Mkewe, Maria, alikuwa amefariki miezi michache tu awali, akimwachia watoto 7.

Hata hivyo, ukaribu wake na wafanyakazi hao ulikuwa na mipaka. Mwaka wa 1822 vibarua maskini wa Suffolk walivunja mashine za kupuria nafaka, na nduguye, Abram, akamwarifu kuhusu mioto iliyoonekana usiku baada ya usiku. Mioto hiyo haimo katika picha zake. Wafanyakazi wake ni wadogo, watulivu, na aghalabu nyuso zao hazitambulikani. Aliwatazama kwa jicho la mwana wa mwenye kinu.

Constable aliaga dunia tarehe 31 Machi 1837. Aliipa kazi ya kando ya mto hadhi iliyonyimwa na wakuu wa sanaa. Dhiki ya walioifanya hakuichora.