Jim Reeves, Mtangazaji Aliyegeuka Mwimbaji

Watu wengi wa nchi zetu humjua Jim Reeves kwa nyimbo zake tu. Ni wachache wajuao ya kuwa kabla ya kuwa mwimbaji mashuhuri alikuwa mtangazaji wa redio, akipiga santuri za watu wengine.

Alizaliwa tarehe 20 Agosti 1923 huko Texas, Marekani, katika jamaa maskini ya wakulima. Baba yake alikufa yeye akiwa mtoto mchanga. Alipokua alikuwa mrusha mpira hodari wa besiboli, akatumaini kupata riziki humo. Lakini mwaka 1947 aliumia mshipa wa fahamu wa mguu, na tumaini hilo likakatika.

Basi akaingia KGRI, stesheni ndogo ya mji wa Henderson. Baadaye, alipopata fedha, aliinunua stesheni hiyo hiyo. Mwishoni mwa 1952 alihamia KWKH ya Shreveport, iliyotangaza tamasha la nyimbo za mashambani kila Jumamosi usiku. Kazi yake ilikuwa kuwajulisha waimbaji kwa wasikilizaji. Husemwa ya kuwa usiku mmoja mwimbaji hakufika, naye akaambiwa aimbe badala yake. Mwaka 1953 wimbo wake "Mexican Joe" ulishika nafasi ya kwanza.

Siku hizo aliimba kwa sauti ya juu, kama wenzake wote. Lakini mtangazaji hapigi kelele. Huzungumza kana kwamba msikilizaji ameketi naye chumbani. Nadhani hapo ndipo redio ilipomfaa. Mwaka 1957 alitaka kuimba "Four Walls", ingawa Chet Atkins, msimamizi wake, alidhani ni wimbo wa mwanamke. Reeves alisogea karibu kabisa na mikrofoni akaimba polepole, kwa sauti nzito ya chini. Tangu hapo hakurudi nyuma. "He'll Have to Go" ulikaa nafasi ya kwanza majuma 14 mwaka 1960, na mwaka 1962 alikwenda kuimba Afrika Kusini.

Tarehe 31 Julai 1964 alikuwa akiendesha mwenyewe ndege ndogo, pamoja na mpiga piano wake, Dean Manuel. Karibu na Nashville waliingia katika dhoruba, wakaanguka. Watu waliwatafuta msituni siku mbili. Alikuwa na miaka 40.

Mkewe, Mary, aliendelea kutoa nyimbo alizoziacha. Mwaka 1966 "Distant Drums" ulishika nafasi ya kwanza Uingereza, mwenyewe amekwisha zikwa miaka miwili.