Sir David Bruce: Daktari Askari na Mbuzi wa Malta

Askari atokaye Mvara kuelekea Koboko huenda ameviona vitambaa vidogo vya buluu vilivyosimikwa kando ya vijito katika miaka ya 2010. Hiyo ni mitego ya mbung'o. Tukiitaja, hatuna budi kumtaja Sir David Bruce, ambaye naye alikuwa askari.

Alizaliwa Melbourne, Australia, mwaka 1855, akasomea udaktari Edinburgh, akaingia jeshi la Uingereza mwaka 1883. Mwaka uliofuata alipelekwa kisiwani Malta. Mkewe, Mary, ndiye aliyekuwa msaidizi wake wa maabara, huko na kila alikokwenda baadaye. Hospitali ya jeshi ilijaa vijana wenye homa iliyopanda na kushuka kwa miezi, na viungo vikiwauma. Mwaka 1887 Bruce alitangaza kijidudu alichokitoa katika wengu za waliokufa. Lakini kiliwaingia kwa njia gani? Jibu lilichelewa hadi mwaka 1905, pale Themistocles Zammit, Mmalta wa tume iliyoongozwa na Bruce, alipopima mbuzi walioonekana wazima kabisa. Walikuwa nacho. Maziwa ya mbuzi yakaondolewa katika posho ya majeshi mwaka 1906, na homa ikapungua upesi.

Kabla ya hapo, mwaka 1895, akiwa Zululand, alikuwa amethibitisha kwamba nagana ya mifugo huenezwa na mbung'o. Kijidudu cha nagana kikapewa jina lake. Mbuzi aliyeambukizwa kijidudu hicho huweza kuingiwa na ukungu machoni. Siku hizi daktari wa mifugo akikuta jicho lisilopenyeka kwa mwanga, hutumia mashine ya mawimbi ya sauti kutazama yaliyo nyuma ya ukungu. Bruce alikuwa na hadubini tu.

Mwaka 1903 alifika Entebbe, wakati malale yakiteketeza watu kandokando ya Ziwa Victoria. Kwa haki tuseme kwamba Aldo Castellani ndiye aliyemwonyesha vijidudu katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Sifa ya Bruce ni kuwafuata mbung'o, ufuko kwa ufuko, hadi ikabainika kuwa walipo wao ndipo yalipo malale. West Nile iliendelea kuugua kwa miongo mingi. Ni mwaka 2022 tu ambapo Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale ya aina ya huko yamekoma kuwa tishio kwa afya ya umma nchini Uganda.

Mary alifariki Novemba 1931. Siku nne baadaye, ibada ya kumwombea ikiendelea jijini London, Bruce naye akakata roho.