Monsenyeri Gabriel Grison, Baba wa Jamaa Yetu (1860–1942)

Katika siku za yubilei si vema kufurahia matunda na kumsahau aliyepanda mti. Kwa hiyo tunamkumbuka Monsenyeri Emile-Gabriel Grison. Sisi Wakristu wa Kisangani, toka Wagenia penye maporomoko hata ng'ambo ya mto, tu wajukuu wake katika imani.

Alizaliwa mkesha wa Noeli, mwaka 1860, katika kijiji cha Saint-Julien-sous-les-Côtes, nchini Ufaransa. Akiisha kuwa padri, aliingia shirika la Mapadri wa Moyo Mtakatifu wa Yezu, lililoanzishwa na Padri Léon Dehon, akatumwa Ekwado, Amerika ya Kusini. Mwaka 1896 wamisionari walifukuzwa huko. Kazi ya miaka mingi ilivunjika, lakini yeye alikubali kuanza upya.

Mwaka 1897 alisafiri kuja Kongo pamoja na Padri Gabriel Lux. Reli ya kutoka Matadi ilikuwa bado kukamilika. Mwezi wa kenda walifika kwenye maporomoko, pale ambapo kila mashua ya mvuke sharti isimame, na Wagenia hutega migono yao kwenye miti iliyosimikwa katikati ya maji. Siku ya Noeli ya mwaka ule ule, misioni ya Mtakatifu Gabriel ilianzishwa, upande wa chini wa mto.

Watoto wa kwanza wa nyumba ile walikuwa nani? Wengi wao ni watoto waliookolewa utumwani. Vita na Waarabu vilikwisha mwaka 1894, vikaacha vijiji vimetawanyika, na watoto wale hawakujua tena baba wala ukoo. Kwetu, mtu asiye na ukoo ni kama mtumbwi uliokatika kamba. Padri Grison aliwapa makao, shule, mashamba na jina la ubatizo. Wakakua, wakaoana, wakazaa, na kati ya Wakristu wapya makatekista wakatumwa vijijini. Tena haya yalitendeka katika miaka migumu: miaka ya mpira wa kulazimishwa chini ya Mfalme Léopold wa Pili, na ya ugonjwa wa malale.

Mwaka 1904 aliwekwa kuwa Prefekti wa Kitume, na mwaka 1908 Vikario wa Kitume na askofu. Misioni zikaanzishwa mbali, kama Basoko, Avakubi na Beni. Mwaka 1933 aliacha uongozi, na Monsenyeri Camille Verfaillie akashika nafasi yake. Mzee hakurudi kumalizia siku zake Ulaya. Alibaki Mtakatifu Gabriel, katikati ya watoto na wajukuu wa wale aliowapokea, mpaka alipofariki tarehe 13 mwezi wa pili, mwaka 1942, mwenye umri wa miaka 81.

Ndugu zangu, jamaa hii ilianza kwa watu waliokosa jamaa. Tangu mwaka 2023, mapigano kati ya Wambole na Walengola yamewaleta wakimbizi wengi mjini mwetu, na watoto wamo kati yao. Ikiwa sisi tu wajukuu wa kweli wa Monsenyeri Grison, tusiwaulize kwanza kabila lao. Tuwafungulie mlango, kama wazee wetu walivyofunguliwa.

Bwana ampe raha ya milele, na mwanga wa milele umwangazie. Amina.